Barua ya Wazi kuhusu Kilima cha Isamilo: Jiwe Lipewe Jina Kabla ya Kupigwa Nyundo

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza, Mstahiki Meya wa Jiji la Mwanza, Mstahiki Meya wa Manispaa ya Ilemela, pamoja na Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya maliasili na malikale.

YAH: OMBI LA KUORODHESHA MIAMBA YA VILIMA VYA MWANZA, KUANZIA KILIMA CHA ISAMILO

Waheshimiwa, husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Ninayewaandikia ni mwalimu mstaafu wa jiografia, mzaliwa wa mgongo wa nyuma wa kilima cha Isamilo, ambaye kwa zaidi ya miaka 30 nimewafundisha watoto wa mji huu namna miamba inavyozaliwa, inavyozeeka na inavyobomoka, na ambaye sasa, nikikaa barazani alfajiri, husikia mlio wa nyundo kabla sijamsikia jogoo. Barua hii ina jambo moja tu. Naomba kwamba kabla jiwe lolote kubwa la vilima vyetu halijapasuliwa, halijasogezwa wala kujengewa juu yake, liwe limekwisha kuhesabiwa, kupewa jina na kuandikwa katika daftari la umma, na ijulikane daftari hilo liko ofisi gani na mtunzaji wake ni nani.

Nitaanza na kilima chenyewe, kwa sababu nahofia kwamba wengi wenu hukiona kutoka barabarani tu. Ukipanda Isamilo asubuhi na mapema, kwa kile kinjia kinachopita kati ya kuta za nyumba na matumbo ya mawe, mahali pengine kikiwa chembamba kiasi kwamba aliyebeba ndoo ya maji kichwani hana budi kusimama ampishe anayeshuka, unafika juu ambako ziwa linafunguka mbele yako lote kwa mara moja. Chini kuna mji na mabati yake, upande wa kusini kuna Bugando na hospitali yake juu ya kilima, ile iliyofunguliwa mwaka 1971, na mbele kuna rasi ya Capri Point ikijichomoza ndani ya maji. Kila upande unaogeukia kuna mawe: yaliyopangana, yaliyoegemeana, mengine yamekaa juu ya wenzake kama chungu juu ya mafiga. Mgeni huuliza ni nani aliyeyapandisha. Hakuna aliyeyapandisha; yapo pale yalipozaliwa, isipokuwa udongo uliokuwa umeyafunika ndio ulioondoka.

Mniwie radhi kidogo kwa tabia ya ualimu. Graniti hii ni sehemu ya ile ngao ya kale ya miamba iliyobeba katikati ya nchi yetu, na umri wake unapita miaka bilioni 2.5. Iliganda polepole chini sana ardhini, na kadiri tabaka za juu zilivyomomonyoka ndivyo mzigo uliokuwa ukiikandamiza ulivyopungua, ikapata nyufa za wima na za ulalo kama mkate uliokatwa vipande vya mraba. Maji yakapenya katika nyufa hizo, na madini ya feldispa yaliyomo ndani ya mwamba yakageuka udongo wa mfinyanzi. Sasa, kona ya kipande cha mraba hushambuliwa na maji kutoka pande 3, ukingo kutoka pande 2, na uso kutoka upande mmoja. Ndiyo maana kona ziliisha kwanza na mawe yetu yakawa mviringo. Baadaye mvua zikaufagia udongo laini na kuupeleka ziwani, yakabaki mawe mazima yakiwa yamekalia kila moja pointi mbili tatu za mguso. Hizo pointi mbili tatu naomba mzikumbuke, maana nitazirudia.

Kilima hiki kina historia ya watu pia, na historia hiyo mara nyingi husimuliwa nusu. Tarehe 3 Agosti 1858, Mwingereza John Hanning Speke alilitazama ziwa akiwa juu ya kilima ambacho wengi hukitambua kuwa ndicho Isamilo, akaamua kwamba hapo ndipo Mto Nile unapoanzia, na akaliita ziwa kwa jina la malkia wake. Nusu hiyo imo katika vitabu vyote. Nusu ya pili ni kwamba hakulikuta kwa kubahatisha. Akiwa Kazeh, yaani Tabora ya leo, mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Snay bin Amir alikuwa amekwisha kuwaeleza yeye na mwenzake Burton kwamba kaskazini kuna maji makubwa kuliko Tanganyika, kwa sababu misafara ya biashara ilikuwa ikienda na kurudi huko. Burton alibaki Kazeh akiwa mgonjwa. Speke, ambaye mwenyewe alikuwa akisumbuliwa na macho, aliongozana na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa na kupelekwa India, kisha akarudi Afrika akiwa mtu huru. Na mazungumzo ya safari nzima yalipitia kinywani mwake. Walipofika Mwanza walimkuta Mtemi Mahaya katika himaya yake, na walimkuta Mwarabu mwingine, Mansur, ambaye alikuwa akiishi pale. Kwa maneno mengine, siku ile ziwa "lilipogunduliwa" kulikuwa na mwenyeji, mgeni wa siku nyingi na mkalimani, na wote watatu walikuwa wakilijua au wamekwisha kusikia habari zake. Speke alikaa siku chache tu, akachemsha maji ili kwa kipimajoto akadirie kimo cha ziwa kutoka usawa wa bahari, akaondoka.

Bombay naye hakuishia pale. Alirudi na Speke katika safari iliyofuata, akafuatana na Stanley kumtafuta Livingstone, kisha akavuka bara zima na Cameron kutoka pwani hii hadi ile ya Atlantiki. Sijui kama kuna Mtanzania wa karne ya 19 aliyetembea kwa miguu kumshinda. Hata hivyo, jina lililobaki katika ramani upande wa mashariki ya mji wetu ni Ghuba ya Speke.

Wajerumani walipokuja mwishoni mwa karne hiyo walifanya hivyohivyo kwa jiwe letu mashuhuri kuliko yote, lile lililo majini karibu na kivuko cha Kamanga, ambalo juu yake limekaa jiwe jingine ambalo kila mtu hudhani litaanguka kesho. Walilipa jina la Bismarck, Chansela wa Ujerumani aliyeitisha Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika. Jiwe lililokaa pale kabla ya mdudu wa kwanza kutambaa nchi kavu likaitwa kwa jina la mwanasiasa wa ng'ambo. Mwezi Julai 1916 Waingereza waliuteka mji kutoka kwa Wajerumani, mwaka 1928 reli ikafika kutoka Tabora, marobota ya pamba yakaanza kupita stesheni, uhuru ukaja, mwaka 2000 mji ukapewa hadhi ya jiji. Na Jiwe la Bismarck likabaki na jina lake. Siombi libadilishwe. Nalitaja kwa sababu ndilo linalonipa hoja yangu: jiwe hilo halijapasuliwa, na sababu kubwa ni kwamba lina jina. Linapigwa picha, linawekwa kwenye kadi na kalenda, na siku mtu akilifuata na nyundo mji mzima utapiga kelele. Mawe ya Isamilo hayana majina yanayojulikana nje ya mtaa, na yakipasuliwa hakuna anayepiga kelele isipokuwa sisi tunaoishi chini yake.

Nasema majina yanayojulikana nje ya mtaa kwa makusudi, kwa maana majina ya ndani ya mtaa yapo. Nyuma ya nyumba ya marehemu bibi yangu kulikuwa na jiwe pana lililolala kama mgongo wa kiboko, ambalo sisi wajukuu tulilijua kwa jina la Uanikio. Bibi alikuwa akimenya viazi vitamu, anavikata vipande vyembamba na kuvitandaza juu yake ili vikauke viwe michembe. Vingine alivichemsha kwanza, akavianika vikawa matobolwa ya kuweka akiba ya kiangazi. Jiwe lilishika joto tangu saa tatu asubuhi, na jua lilipozama lilikuwa bado na moto wa kutosha kukausha shuka. Kazi yetu ilikuwa kulala pale pembeni na fimbo tukiwafukuza kuku na kunguru, na adhabu ya kusinzia ilikuwa kwenda kisimani peke yako. Sehemu ya kati ya jiwe lile ilikuwa imelainika kama sahani kwa sababu ya miaka mingi ya mikono ya wanawake. Bibi alituambia alilikuta hivyo alipoolewa.

Jiwe hilo lilipasuliwa miaka mitatu iliyopita. Kiwanja kilikuwa kimeuzwa, na mnunuzi, ambaye sina ugomvi naye na ambaye karatasi zake zilikuwa sawa, alitaka mahali pa kuweka msingi. Vijana wanne walilundika juu yake matairi chakavu na mabanzi ya mbao, wakawasha moto asubuhi, na moshi mweusi ukapanda hadi jioni. Jiwe likishiba moto hutoa mlio, si mkubwa, kama wa mtu anayevunja kiberiti, na hapo tabaka la juu huachana na la chini kama ganda la kitunguu. Baada ya hapo ni mtaimbo, tindo na nyundo. Siku ya nne palibaki kovu jeupe lenye masizi pembezoni, na lundo la mawe ambalo lilishushwa kidogokidogo hadi barabarani. Ile sehemu iliyolainika niliitafuta katika lundo nikakosa.

Waheshimiwa, nisingewapotezea muda kwa kumbukumbu za michembe kama jambo lingeishia hapo. Mtakumbuka zile pointi mbili tatu za mguso. Juu ya Uanikio, hatua kama kumi hivi kupanda, lipo jiwe jingine kubwa mara tatu yake, ambalo kwa upande wa chini lilikuwa limekingwa na udongo uliojaa nyuma ya Uanikio kama nyuma ya ukuta. Uanikio ulipoondoka, udongo ukakosa cha kuuzuia. Masika yaliyofuata maji yakaanza kuuchimba, na asubuhi moja jirani yangu akagundua kwamba ufa uliokuwa unaingia kidole sasa unaingia ngumi. Familia mbili zililala kwa ndugu zao kwa karibu mwezi mzima. Vijana wa mtaa walipanga mawe madogo na magogo kulizuia, na hadi leo limezuiwa kwa magogo hayo, ambayo mchwa wameanza kuyala.

Hapo ndipo nilipoanza kuzunguka maofisi. Sitaitaja ofisi yoyote, kwa kuwa sikukutana na mtu mbaya hata mmoja. Nilikaribishwa kiti kila mahali. Ofisi ya kwanza iliniambia kwamba wao wanashughulika na viwanja, na jiwe likiwa ndani ya kiwanja ni la mwenye kiwanja. Ya pili iliniambia kwamba wao wanashughulika na jiwe likishakuwa kokoto, kwa maana ya leseni na mrabaha. Ya tatu ilisema jambo hilo ni la mazingira, na ya nne ikasema lingekuwa la mambo ya kale kama jiwe lingekuwa na michoro. Kijana mmoja mwenye heshima sana alinisindikiza hadi mlangoni na kunieleza kwa upole, "Mwalimu, jiwe halina mwenyewe mpaka lipasuke." Nimekuwa nikilitafakari neno hilo tangu siku ile, kwa sababu ni kweli tupu: tumegawana jiwe kwa sheria, kila mmoja na kipande chake, na jiwe zima limekosa mlezi.

Wala si kwamba sheria hazipo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua ardhi hatarishi, ikiwemo ile yenye mteremko mkali, na inampa Waziri uwezo wa kuitangaza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na inazungumzia pia vilima na mandhari. Sheria ya Mipango Miji ni ya 2007, Sheria ya Madini ni ya 2010, na Sheria ya Mambo ya Kale tunayo tangu 1964. Mwamba kulindwa kisheria si jambo geni katika nchi hii: miamba ya Kondoa yenye michoro iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kinachokosekana Mwanza ni kitu cha chini kabisa ya hizo sheria zote, yaani orodha. Hakuna sheria inayoweza kulinda kitu ambacho hakuna ofisi inayokijua kwamba kipo.

Tazameni jirani zetu wa Serengeti. Vile vilima vya mawe vilivyotapakaa katika mbuga, ambavyo watalii husafiri nusu ya dunia kuja kuviona, ni ndugu wa mawe yetu, vimechongwa na maji na jua kwa njia ileile. Vina majina: kuna Moru, kuna Simba, na pale Moru kuna hata mwamba unaolia ukiugonga, unaonyeshwa wageni. Mjusi wa miambani ambaye watalii humpiga picha huko, yule dume mwenye kichwa na kifua chekundu na mwili wa buluu, jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae. Amepewa jina la mji wetu. Ukija kwangu saa nne asubuhi utamkuta juu ya kile kilichobaki cha Uanikio, anapandisha na kushusha kichwa kama anayepiga hesabu. Jina hilo la mawe tunalitumia sisi wenyewe kwa biashara, maana tunajiita Jiji la Miamba katika mabango, katika fulana na katika majina ya maduka, na wakati huohuo miamba yenyewe tunaipima kwa ndoo.

Sasa naomba nisieleweke vibaya kuhusu wapasua mawe, kwa sababu najua mambo ya namna hii yanavyomalizikia: mzee anaandika barua, mgambo wanapelekwa, na wa kwanza kunyang'anywa nyundo ni mama mwenye watoto wanne. Yupo mama mmoja jirani yangu ambaye hukaa tangu saa moja chini ya mwavuli uliochanika, ameshikilia kijiwe kwa kipande cha mpira wa tairi kilichokunjwa ili nyundo isile vidole, na hadi jioni anakuwa amejaza lundo lisilofika magotini. Kwa kokoto hizo amesomesha. Nyumba ninayoandikia barua hii, zege la msingi wake lina kokoto za mikono kama yake. Graniti haina upungufu katika mkoa wetu. Ipo tele nje ya makazi, mahali ambapo kupasua jiwe hakutamshushia mtu jiwe jingine kichwani. Wanachohitaji watu hawa ni kutengewa maeneo hayo, wafikishiwe barabara ya lori, na wapewe leseni ndogo zao kama vikundi. Wakihamishwa bila hayo watarudi usiku, nami sitawalaumu.

Vivyo hivyo kuhusu wanaoishi vilimani. Isamilo, Mabatini, Igogo, Kirumba na kwingineko, watu walijenga kati ya mawe kwa sababu bondeni kulikuwa kumejaa au hawakukuweza kwa bei. Wanapandisha kila kitu kwa mabega, saruji, maji, mgonjwa akizidiwa hushushwa kwa kiti, na jeneza hushushwa na watu wanane wanaopokezana kwenye kona. Urasimishaji wa makazi ulipokuja, wengi walipata kwa mara ya kwanza karatasi inayotambua kwamba wapo. Ninachoomba kiongezwe katika ramani hizo hizo za urasimishaji ni jiwe. Mpimaji akishasimama pale na kifaa chake, akiandika kona za nyumba na upana wa njia, ni kazi ya dakika chache zaidi kuandika kwamba hapa pana jiwe, ukubwa wake ni huu, limekalia hiki, wenyeji huliita hivi.

Napendekeza kazi ianzie Isamilo kwa sababu ni kilima kimoja, kinaweza kumalizwa kati ya masika na vuli, na makosa yakijitokeza yatakuwa ya kilima kimoja. Kila mtaa utoe wazee wawili na vijana wawili wanaozijua njia. Wazee wataleta majina, ambayo mengi ni ya Kisukuma na hayajaandikwa popote, vijana watapanda. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, iliyoko Dodoma, iombwe kuleta mtaalamu wa kuyatazama yale ambayo wenyeji wanayahofia, ayapange kwa kiwango cha hatari, na yale yatakayoonekana hayana budi kuondolewa yaondolewe kitaalamu, kuanzia juu kushuka chini, si kuanzia chini kama ilivyofanyika kwetu. Hapo mtaona kwamba siyo kila jiwe naliombea uhai. Yapo yanayopaswa kupasuliwa, na lile lililo juu ya nyumba yangu huenda ni mojawapo. Lakini lipasuliwe na mtu aliyeandika kwanza kwamba lilikuwepo na akajua likiondoka ni lipi litafuata.

Baada ya orodha kukamilika, machache yatakayostahili, nadhani hayatazidi kumi kwa mji mzima, yapelekwe kwa Mheshimiwa Waziri yatangazwe rasmi chini ya sheria ile ya 1964. Jiwe la Bismarck liwemo, kilele cha Isamilo kiwemo. Na wakati daftari likiandaliwa, vibali vipya vya kupasua mawe katika miteremko yenye makazi visimame. Mtaniambia hakuna bajeti. Daftari ni karatasi, na mimi pamoja na walimu wenzangu kadhaa wastaafu tuko tayari kupanda bila posho, ingawa magoti yetu hayana kauli moja juu ya suala hilo.

Lipo ombi la pembeni, ambalo mnaweza kulikataa bila kuliathiri lile la kwanza. Siku mtakapoona inafaa kuweka kibao juu ya Isamilo, nawasihi msiandike jina moja. Jina la Speke lina ghuba nzima. Andikeni kwamba hapa palikuwa nchi ya Mtemi Mahaya, kwamba Sidi Mubarak Bombay alifika, kwamba habari za ziwa zilitoka kwa Snay bin Amir kule Kazeh, na kwamba Wasukuma waliokuwa wakianika chakula chao juu ya mawe haya walikuwa wakiliita Nyanza. Mwingereza naye awemo kwenye mstari wake. Alipanda kweli, tena akiwa na macho mabovu.

Nimemaliza, waheshimiwa. Nakala ya barua hii nimempa mwenyekiti wa mtaa, na mchoro wa mawe 23 ya upande wetu wa kilima, niliouchora mwenyewe kwa mkono pamoja na majina 14 niliyoweza kuyapata kwa wazee, uko nyumbani, yeyote mtakayemtuma atauchukua. Mkiamua kuja wenyewe nitawapandisha. Njooni Jumamosi yoyote, vaeni viatu visivyoteleza, na tuanze kabla ya saa mbili na nusu, kwa sababu baada ya hapo jiwe huanza kupata moto na hamtaweza kuliwekea mkono.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu, mkazi wa Isamilo, Mwanza